Bati, vigae vya udongo au vigae vya chuma: paa lipi lifae nyumba yako Uganda?

Zamani swali la paa Uganda lilikuwa fupi: nyasi au bati. Leo ukishuka barabara ya Kampala kwenda Entebbe utakuta bati la mawimbi, bati la migongo mipana, bati lililopigwa umbo la kigae, vigae vya chuma vyenye changarawe juu, na vigae vyekundu vya udongo vya Kajjansi, wakati mwingine vyote katika mtaa mmoja. Viwanda vimekua: Uganda Baati ipo tangu 1964, Roofings ilianza 1994 pale Lubowa, na Uganda Clays inachoma vigae Kajjansi tangu 1950, ikaongeza kiwanda cha Kamonkoli upande wa Mbale. Juu ya hao wapo wenye mashine ndogo za kukunja bati, wanaonunua koili (roli la bati lisilokunjwa) na kukukatia urefu unaoutaka siku hiyo hiyo. Chuma hicho kwa sehemu kubwa huja kutoka nje kupitia Mombasa na Dar es Salaam, ndiyo maana bei ya bati hupanda dola ikipanda hata kama hakuna kilichobadilika kiwandani.

Kosa ambalo hugharimu watu zaidi ni kulinganisha bei ya bati moja na bei ya kigae kimoja. Unachonunua ni paa zima: kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), papi (mbao za kulalia bati au vigae juu ya kenchi), misumari, kofia za mgongo (zinazofunika kilele cha paa), gata, usafiri na fundi. Bei ya kipande ni sehemu tu ya hesabu hiyo, na kwa vigae vya udongo mbao zinaweza kukushtua kuliko vigae vyenyewe.

Nyumba moja, mapaa matatu

Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 8, paa la pande mbili, upenu wa sentimita 60 kila upande. Ukiangalia kutoka juu, paa linafunika mita 11.2 kwa 9.2, yaani mita za mraba 103. Eneo halisi la kuezeka linategemea mwinamo. Kwa nyuzi 20, zinazotosha bati na vigae vya chuma, ni mita za mraba 110. Kwa nyuzi 30, ambazo vigae vya udongo vinazihitaji ili maji yasirudi nyuma kwenye maungio, ni 119.

| | Bati geji 30 (mm 0.30) | Vigae vya chuma | Vigae vya udongo |
|---|---|---|---|
| Eneo la kuezeka | m² 110 | m² 110 | m² 119 |
| Idadi | mabati 30 ya mita 5 | vipande 250 hivi | vigae 1,875 hivi |
| Uzito wa kifuniko | kilo 320 | kilo 715 | kilo 5,350 |
| Nafasi kati ya papi | sm 90 | sm 37 | sm 32 |
| Urefu wa papi zote | mita 157 | mita 336 | mita 403 |

Hesabu ya vigae vya udongo ni ya vigae 15 kwa mita ya mraba na kilo 45 kwa mita hiyo, pamoja na asilimia 5 ya kuvunjika katika idadi. Vya chuma vimehesabiwa kwa kilo 6.5. Kiwanda chako kikitoa kipimo tofauti, badilisha namba; uwiano hautabadilika sana.

Soma mstari wa uzito tena. Tani tano na zaidi, kabla vigae havijanyonya mvua. Kenchi za bati unaweza kuziweka mita 1.2 kutoka moja hadi nyingine. Za udongo zisogeze hadi sentimita 75 au chini, na mbao zake ziwe nene zaidi. Kwa nyumba hii ni kama kenchi 10 dhidi ya 15. Kwa hiyo mtu mwenye nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, ukuta mwembamba, bila mkanda wa zege juu ya madirisha, asibandue bati apandishe vigae vya udongo kwa sababu jirani amefanya hivyo. Kuta zitapasuka kwenye pembe za madirisha kwanza, halafu mgongo wa paa utaanza kulala kama mgongo wa punda mzee. Mtu wa namna hiyo akitaka sura ya kigae, vigae vya chuma ndivyo vyake.

Bati: geji ni jina, milimita ndiyo kipimo

Bati ndilo linaloezeka sehemu kubwa ya nchi na litaendelea kufanya hivyo. Ni jepesi, fundi yeyote wa Masaka au Arua analijua, na linakusanya maji safi. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba ni rahisi kudanganywa.

Neno "geji", namba ya unene ambayo ikipanda bati huwa jembamba, halimfungi mtu. Geji 28 kwa kawaida huwa karibu na milimita 0.40, geji 30 karibu na 0.30, geji 32 karibu na 0.25, lakini kila muuzaji ana tafsiri yake, na wapo wanaohesabu unene pamoja na rangi. Uliza milimita, na uulize kama ni za chuma kitupu au za chuma pamoja na mipako. Kisha usiamini jibu: pima. Kama hakuna maikromita (kifaa cha kupimia unene) dukani, mizani inatosha, kwa kuwa chuma cha unene wa milimita 1 kina kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Bati la mita 3 lililokunjwa kutoka koili ya upana wa milimita 914 linapaswa kuwa na takriban:

kilo 8.6 kwa milimita 0.40;
kilo 6.5 kwa 0.30;
kilo 5.4 kwa 0.25;
kilo 4.3 kwa 0.20.

Kukunja hakubadili uzito. Ili kujua upana wa koili, laza tepu ifuate mawimbi kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiuziwa "geji 30" na mizani inasema kilo 4 na nusu, umeuziwa karatasi. Tazama pia alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na jina la kiwanda vilivyochapwa kwenye bati lenyewe. Kibandiko cha karatasi kinaweza kubandikwa na yeyote.

Geji 32 ifae nini? Jiko la nje, stoo, uzio wa muda wa ujenzi. Ukiiweka kwenye nyumba ya kulala, papi zisizidi sentimita 75, na kila fundi atakayepanda kurekebisha gata ataacha nyayo zilizobonyea. Maji hukaa kwenye nyayo hizo, na kutu huanzia hapo. Kwa nyumba unayotaka kuishi humo miaka ishirini, anza na milimita 0.30. Sehemu zenye mvua ya mawe, kama milima ya Kigezi, panda hadi 0.40.

Sasa mipako. Hapa ndipo soko limebadilika zaidi. Bati la zinki tupu linapungua, na bati la aluminiamu na zinki pamoja, lile watu wanaloliita aluzinki, limeshika nafasi yake. Mchanganyiko wake ni asilimia 55 aluminiamu, 43.4 zinki na 1.6 silikoni. Muuzaji atakuambia Z275 au AZ150: hizo ni gramu za mipako kwa mita ya mraba, pande mbili zikihesabiwa pamoja. Mtu akiona 275 anadhani ni karibu maradufu ya 150. Sivyo. Zinki ni nzito, na mipako hiyo miwili ina unene ule ule, karibu maikroni 20 kila upande. Kwenye mvua na jua, aluzinki ya unene huo hudumu muda mrefu kuliko zinki. Zinki inaishinda mahali pawili: inalinda vizuri zaidi kingo zilizokatwa na mikwaruzo, na inavumilia zaidi saruji mbichi.

Hilo la saruji lisipite hivi hivi. Aluzinki huliwa na vitu vyenye magadi: chokaa, lipu mbichi, saruji iliyodondoka fundi akimalizia ukuta uliopanda juu ya paa. Piga lipu kwanza, ezeka baadaye, au osha matone kabla hayajakauka. Adui mwingine ni amonia ya mbolea: banda la kuku wengi au zizi lililozibwa linatafuna aluzinki isiyo na rangi kutoka ndani, upande ambao huuoni. Kwa banda, tumia bati lenye rangi pande zote mbili na acha mapengo ya hewa juu ya kuta. Usipitishe maji ya bomba la shaba juu yake, wala usizibe kwa vipande vya risasi.

Rangi ni suala la ladha mpaka saa nane mchana wa Februari huko Gulu. Kijivu cha makaa, kinachopendwa sana siku hizi, hunywa jua lote. Rangi nyepesi hulirudisha sehemu kubwa. Nyekundu kali na buluu hupauka mapema. Kama huna mpango wa kuweka dari, usichague rangi iliyokolea.

Kuhusu urefu: kwa nyumba yetu, mteremko wa kila upande ni mita 4.9, ongeza sentimita 5 za kuingia kwenye gata. Ukiagiza bati la mita 5, kila mstari ni bati moja bila kiungo. Ukinunua ya mita 3 dukani, mstari unataka mawili, yanalaliana angalau sentimita 15, na unatupa karibu sentimita 90 kila mstari. Mistari ni 30. Hizo ni mita 27 za bati kwenye takataka, pamoja na viungo 30 vya kuvujia.

Vigae vya chuma vyenye changarawe

Hivi ni bati la aluzinki la milimita 0.40 hadi 0.50 lililopigwa umbo na kupakwa gundi ya akriliki na punje za mawe. Vimeenea kwa kasi katika mitaa mipya ya Kampala na Wakiso, na si kwa urembo tu. Mvua ikipiga unaendelea na mazungumzo yako. Chini ya bati tupu unanyamaza ukisubiri ipite. Kila kipande hulala ukingoni mwa papi na kupigwa misumari kwa mbele, si juu, kwa hiyo upepo unapata shida kukinyanyua.

Matatizo yake hayasemwi dukani. La kwanza ni papi: mita 336 dhidi ya 157 za bati, na lazima zinyooke. Papi ya mkaratusi iliyopinda sentimita moja inaonekana kutoka barabarani, kwani kigae huifuata. La pili ni punje. Mvua za kwanza huosha zilizolegea na kuzipeleka kwenye tangi. Elekeza maji nje kwa wiki chache, usinywe. Kidogo kikidondoka si kasoro. Lakini ukipitisha kiganja kwenye kipande kipya dukani na punje zikabaki mkononi kama sukari, acha kununua hapo, gundi ni duni. La tatu: fundi akikata kwa grainda, cheche huchoma mipako na vumbi la chuma huacha madoa ya kutu paa zima ndani ya majuma. Mkasi wa bati au mashine ya kukatia, basi. Kanuni hiyo inahusu bati la kawaida pia, ila kwenye vigae inavunjwa zaidi kwa kuwa mabonde na pembe ni nyingi.

Dhamana ya miaka mingi iliyoandikwa kwenye bango isomwe masharti yake. Mara nyingi inahitaji fundi aliyekubaliwa na muuzaji, vifaa vyote vya kampuni hiyo hiyo, na risiti halali. Uliza pia kama bei ina VAT ya asilimia 18. Tofauti hiyo pekee imewafanya watu waone duka fulani ni rahisi kumbe halikuwa.

Vigae vya udongo

Kwa baridi ya ndani na utulivu, hakuna kinachovifikia. Hewa hupita kati ya vigae, udongo hupokea joto polepole, na kilichochomwa vizuri kinaishi kuliko aliyekiweka. Nyumba na shule za zamani za Kampala zenye vigae ni ushahidi. Mbao zake zimebadilishwa, vigae vikarudi juu.

Kipime kwa kukigonga: kizuri hulia kama kengele, kilichopasuka au kisichoiva hutoa sauti butu. Rangi isiyolingana ndani ya shehena moja ni dalili ya moto usio sawa tanuruni. Kuvu na ukijani utakuja upande wa kivuli, hasa karibu na ziwa; hauvujishi, lakini ukiufuata kwa mashine ya maji ya nguvu utavunja zaidi ya utakachosafisha.

Kinachoharibu paa hili ni miguu. Fundi wa dishi la televisheni hupanda mara moja na kuacha nyufa tatu. Nunua vigae 50 vya akiba kutoka shehena ile ile na uvihifadhi, maana umbo hubadilika kidogo miaka ikipita na kipya hakitakaa kwenye cha zamani. Safu za pembeni na za chini zifungwe kwa misumari au waya. Katikati uzito unatosha. Kofia za mgongo zilizojazwa saruji nyingi mno hupasuka. Mchanganyiko wa mchanga 4 kwa saruji 1 unatosha.

Usafiri ndio unaoamua. Ukijenga Mukono, Mpigi au Mbale, kiwanda ni jirani. Ukijenga Gulu, shehena ya tani tano inasafiri zaidi ya kilomita 300 na hesabu ya kuvunjika ipande kutoka asilimia 5 hadi 10.

Nyasi, kwa ufupi

Kaskazini na Teso nyumba ya nyasi bado ni nyumba yenye akili: ubaridi mchana, hakuna kelele. Inataka nyuzi 45 au zaidi, moshi wa jikoni kufukuza wadudu, na nyasi mpya kila baada ya miaka michache. Moto ndio hatari yake. Makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda, yaliteketea Machi 2010 na ujenzi wake upya ulichukua zaidi ya miaka kumi. Hoteli ikitaka nyasi ijenge mbali na jengo la pili na iweke kinga ya radi.

Paa lililofichwa

Ramani nyingi mpya zinaficha paa nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane kama sanduku. Kwa nchi ambayo sehemu yake kubwa ina misimu miwili ya mvua kubwa, huu ni mtindo wa kuutazama mara mbili. Maji hayana upenu wa kudondokea. Yote huingia kwenye mfereji wa ndani, juu ya dari yako. Jani la mwembe, mfuko wa plastiki au kiota cha ndege kikiziba tundu, maji hupanda na kuingia ndani. Ukiamua, tumia bati la migongo mirefu lisilo na kiungo, mfereji mpana wa kutembea ndani yake, matundu mawili kila upande, na tundu la dharura ukutani sentimita kadhaa juu ya sakafu ya mfereji ili ziada imwagike nje uione. Vigae vya aina yoyote havifai hapa.

Mbao na upepo: mahali ambapo mapaa yote hushindwa

Kila msimu wa mvua kuna mapaa ya shule yanayoruka, na karibu yote ni bati. Watu hulaumu bati. Tazama picha vizuri: mara nyingi bati limeruka likiwa bado limepigiliwa kwenye papi zake, na kenchi juu. Kilichoachia ni mtambaapanya, ile mbao inayolala juu ya ukuta, ambayo ilikaliwa na saruji tu. Weka ukanda wa chuma uliofukiwa matofali manne hadi matano chini ya kilele cha ukuta, upinde juu ya mtambaapanya na kenchi, upigilie kila kenchi. Gharama yake ni ndogo kuliko kofia za mgongo.

Mkaratusi, au kalitunsi kama wasemavyo Baganda, huuzwa mbichi. Ukiezeka nao hivyo, unasinyaa, msumari unalegea, kichwa kinapanda milimita mbili na maji yanapita. Panga mbao kivulini wiki kadhaa kwa vijiti katikati, au nunua paini iliyokaushwa na kutiwa dawa ya mchwa. Dawa ikiwa bado mbichi hula aluzinki, kwa hiyo iache ikauke kabisa. Kwa bati tumia misumari iliyosokotwa yenye washa ya mpira, juu ya wimbi na si bondeni, 6 hadi 8 kwa mita ya mraba. Skrubu ni bora. Zikazwe mpaka mpira uchungulie kidogo pembeni. Ukiona mpira umebanwa ukapasuka, mwaka ujao panavuja. Anza kuezeka upande ulio mbali na unakotokea upepo wa mvua, ili kila kiungo kiupe mgongo.

Bati zilizofika zikiwa zimelowa zitenganishwe siku hiyo hiyo. Zikilala zimebanana na maji katikati, huota kutu nyeupe kabla hazijapanda juu.

Nani achukue lipi

Nyumba za kupangisha, vyumba vya mstari mmoja: bati la aluzinki lenye rangi nyepesi, milimita 0.30, na dari. Geji 32 itakurudisha juu ya paa wapangaji wakiwa ndani.

Nyumba ya familia mjini, ukuta wa kawaida: vigae vya chuma kama bajeti ya papi ipo. Kama haipo, bati la 0.40 lenye umbo la kigae ni jibu zuri kuliko vigae vya chuma vya bei ya chini kwenye mbao zilizopinda.

Nyumba mpya yenye mkanda wa zege, iliyochorwa tangu mwanzo kubeba uzito, isiyo mbali na Kajjansi wala Kamonkoli: udongo.

Anayetegemea maji ya mvua: bati la rangi. Nyumba yetu ya mita za mraba 103, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hutoa lita 1,650 hivi baada ya kupoteza sehemu ya tano. Tangi la lita 5,000 linajaa kwa mvua tatu au nne za namna hiyo, mradi gata lina mwinamo na maji ya kwanza ya kila mvua yanamwagwa.

Mwenye paa la asbestosi, kama majengo kadhaa ya zamani: usitoboe, usikate, usipigilie bati juu yake. Lilowekwe, lishushwe karatasi nzima nzima na watu wenye barakoa na vifaa vya kazi hiyo, na hesabu ya paa jipya ianze na gharama hiyo.

Na ukienda dukani, beba mizani ya kuning'iniza.